Kupanda au Kukaa: Njia Mbili za Mbunge wa Jimbo Marekani

Mtu wetu akishakula kiapo cha uraia wa Marekani, akajulikana kanisani au msikitini, akawa ndiye anayewajazia wenzake fomu na kuwasindikiza mahakamani, siku moja ataambiwa: "Na wewe gombea basi." Kiti anachosukumiwa mara nyingi ni cha bunge la jimbo. Kwa aliye Minnesota hilo ni Saint Paul, kwa wa Illinois ni Springfield, kwa wa Texas ni Austin. Kabla hajachapisha bango la kwanza, kuna swali moja ambalo wengi hulikwepa mpaka limechelewa: kiti hicho anakitaka akikalie, au anakitaka kimvushe?

Nitaweka njia hizo mbili ubavu kwa ubavu kwa kutumia watu wawili. Wa kwanza ni Barack Obama, ambaye kabla ya mengine yote alikuwa seneta wa jimbo la Illinois kuanzia 1997 hadi 2004. Wa pili ni Melissa Hortman, mwakilishi katika bunge la Minnesota kuanzia 2005 hadi alipouawa Juni 2025. Wa kwanza anajulikana hadi Kogelo kwa baba yake. Wa pili, nje ya Minnesota, wachache walimjua akiwa hai, nami naona walipaswa kumjua.

Kwanza, kazi yenyewe

Aliyekulia Kenya akisikia "mbunge" anawaza basari, madarasa yaliyojengwa kwa pesa za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), na mchango wa harambee Jumamosi. Mbunge wa jimbo Marekani hana mfuko wa kugawia watu wa eneo lake. Hakuna atakayemtegemea alipe karo ya mtoto wa jirani. Alicho nacho ni kura yake, kiti katika kamati, na haki ya kuleta mswada.

Ni kidogo hicho? Tazama alichofanya Hortman na wenzake mwaka 2023 peke yake. Bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya kumruhusu mtu kupata leseni ya udereva bila kuulizwa hali yake ya uhamiaji. Likaweka chakula cha bure shuleni kwa watoto wote. Likaanzisha likizo yenye malipo kwa aliyejifungua au anayeuguza. Likaunda bodi ya kuweka viwango vya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, ambako dada zetu wengi hukesha zamu za usiku. Hakuna hata moja kati ya hayo lililongoja Washington.

Kwa hiyo anayekidharau kiti cha jimbo kwa kuwa ni "kidogo" hajaangalia payslipu yake vizuri.

Namna ya kuingia

Obama aliingia kwa jaribio la kwanza. Kiti cha wilaya ya 13, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer, ambaye alikuwa amekiacha ili agombee Congress, bunge la Marekani nzima. Palmer aliposhindwa huko akataka kurudi. Watu wa Obama wakazipeleka kwenye ukaguzi, moja baada ya nyingine, saini za wapiga kura ambazo wapinzani wake walizikusanya ili waruhusiwe kugombea, na wapinzani wote wakaondolewa. Kura ya mchujo ya 1996 akaikuta hana wa kushindana naye. Yote hayo yalikuwa ndani ya sheria, ingawa wako wasiomsamehe Chicago mpaka leo.

Hortman aligombea 1998 akashindwa. Akagombea tena 2002 akashindwa. Mwaka 2004 akashinda. Ni miaka sita ya kubisha hodi kwenye milango ileile ya vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, na mingine ilikuwa imekwisha kumfungia mara mbili.

Ukiniuliza ni kuingia kwa nani kunakomfaa mhamiaji, nitakujibu bila kusita: kwa Hortman. Sisi jina letu halitamkiki, lafudhi yetu inatangulia mlangoni kabla yetu, na jirani anahitaji kutuona zaidi ya mara moja ndipo aseme "huyu namfahamu." Kushindwa mara ya kwanza ni sehemu ya kufahamika. Ila kwa Obama chukua somo la saini. Mgombea anayekusanya saini chache kupita kiasi, au anayeziacha zikaguliwe na wapinzani kabla hajazikagua mwenyewe, anaweza kuondolewa kabla hata ya kuhutubia mkutano mmoja. Makaratasi yameua ndoto nyingi kuliko kura.

Benchi la wachache

Hapa ndipo tofauti ya panda na kaa inapoanza kuonekana, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo.

Obama alikaa miaka sita katika seneti iliyokuwa mikononi mwa Warepublikan. Miswada mingi ya walio wachache haifiki hata mezani. Alishiriki kusukuma sheria ya 1998 ya kubana zawadi kwa wanasiasa, akajenga urafiki na maseneta wa vijijini, akaendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Lakini roho haikutulia. Mwaka 2000 akajaribu kumng'oa Bobby Rush katika kiti cha Congress, akapigwa karibu kura mbili kwa moja.

Jambo moja watu hawalioni katika habari hiyo: aliposhindwa, alirudi Springfield kazini. Alikuwa amechaguliwa 1998 kwa muhula wa miaka minne, kwa hiyo mwaka 2000 kiti chake hakikuwa kwenye kura. Angekuwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, ile nyumba nyingine ya bunge kando ya seneti, ambako muhula ni miaka miwili, ingebidi akiache kiti kimoja ili akimbilie kingine, na kushindwa kungemwacha mikono mitupu. Tutarudi kwenye hilo, maana ndilo linaloamua mengi kwa anayechagua.

Hortman naye aliyajua mabenchi yote mawili. Chama chake, cha Wademokrat, kilishika baraza, kikapoteza, kikashika, kikapoteza tena. Mwaka 2013, walipokuwa na wingi, alikuwa mstari wa mbele katika sheria ya bustani za sola za pamoja, ambayo inamwezesha hata mpangaji wa ghorofani asiye na paa kuwa na fungu katika paneli zilizo mbali na kwake. Walipopoteza wingi hakuhama. Mwaka 2017 akawa kiongozi wa wachache, kazi ya kuwakusanya walioshindwa na kuwaandaa washinde. Mwaka 2019 akawa spika.

Mwaka wa mavuno

Januari 2003 Wademokrat walichukua seneti ya Illinois, na rais mpya wa seneti, Emil Jones, akamkabidhi Obama miswada mizito. Ndani ya mwaka huo ikapita sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji, Illinois ikiwa jimbo la kwanza kulifanya hilo kwa kupitia bunge. Ikapita na sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Aliyapata hayo kwa kuketi na polisi na waendesha mashtaka mpaka waliokuwa wakipinga wakalegea. Julai 2004, akiwa bado seneta wa jimbo, alihutubia mkutano mkuu wa chama Boston. Novemba akachaguliwa kwenda Seneti ya Marekani. Januari akawa ameondoka.

Hesabu mwenyewe: karibu miaka minane, na mavuno ya miaka miwili tu. Mtu wa Hyde Park, mtaa wa wilaya yake Chicago, aliyekuwa ameanza kumzoea ilibidi aanze na mwingine.

Mavuno ya Hortman yalikuja 2023, mwaka wa 19 tangu aingie. Chama chake kilikuwa na baraza kwa viti 70 kwa 64, seneti kwa 34 kwa 33, na Gavana Tim Walz. Kiti kimoja tu seneti. Mswada ungeweza kuanguka kwa mtu mmoja kupata mafua. Kupitisha orodha ile niliyoitaja kwa wingi mwembamba hivyo kunahitaji mtu anayejua kila mwenzake anaogopa nini nyumbani kwake, nani anahitaji barabara, nani hawezi kupigia kura kodi. Elimu hiyo haipatikani kwa muhula mmoja wala miwili.

Gharama ya kukaa

Nisiipambe njia ya Hortman. Mwenye kukaa ndiye anayekuwepo siku ya kulipa.

Uchaguzi wa 2024 uliacha baraza la Minnesota likiwa sawasawa, 67 kwa 67. Baada ya mvutano mkali wa Januari na Februari 2025, Lisa Demuth wa Republican akawa spika kwa makubaliano ya kugawana madaraka, na Hortman akarudi kuwaongoza watu wake bila kiti cha spika. Bajeti ikahitaji maafikiano. Sharti la upande wa pili lilikuwa kuwaondoa watu wazima wasio na hati katika MinnesotaCare, bima ya afya ambayo Hortman mwenyewe aliongoza bunge kuwafungulia 2023. Tarehe 9 Juni 2025 mswada huo ulipita kwa kura 68 kwa 65. Katika wabunge wote wa chama chake barazani, aliyepiga kura ya ndiyo alikuwa yeye peke yake. Alikuwa ametoa ahadi, na bila kura ile serikali ya jimbo ingekuwa njiani kufungwa. Baadaye aliwaeleza waandishi wa habari huku akilia.

Watoto walibaki na bima. Watu wazima waliipoteza mwaka ulipokwisha. Kwa wahamiaji kura ile ilikuwa jeraha, na hatukatazwi kusema hivyo. Ninachomwomba anayewaza kugombea ni ajiweke pale: ungepiga ndiyo, ukabeba lawama wewe ili wenzako wasibebe? Kama jibu ni hapana kabisa, uongozi wa bunge haukufai, ingawa ubunge wa kawaida unaweza kukufaa.

Siku tano baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni, Melissa Hortman na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park. Usiku huohuo seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyumbani kwao, wakanusurika. Mwili wa Hortman ulilazwa katika jengo la bunge Saint Paul watu wapite kumuaga, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota.

Brooklyn Park ni mji wenye Wakenya na Waliberia wengi. Habari ile haikuwa ya mbali kwetu. Nasema hivi kwa uzito: kabla ya kujaza fomu, keti na mwenzi wako na watoto mzungumzie usalama wa nyumba, nani anaijua anwani, na nani anafungua mlango usiku.

Wale wanaopita haraka, na wale wanaopitiliza

Iko njia fupi kuliko ya Obama. Ilhan Omar, aliyeishi utotoni miaka minne katika kambi ya wakimbizi Kenya, alishinda kura ya mchujo ya 2016 Minneapolis dhidi ya Phyllis Kahn, mbunge tangu 1973. Alikaa bungeni muhula mmoja. Mwaka 2018 nafasi ya Congress ilipofunguka ghafla, akaiendea, na kiti chake cha wilaya 60B kikachukuliwa na Mohamud Noor, ambaye naye alikuwa ameshakigombea akashindwa. Kwa Omar mlango ulikuwa wazi siku moja, akaingia. Simlaumu, ila muhula mmoja haukumpa nafasi ya kuvuna mengi Saint Paul.

Upande wa pili, kukaa nako huchacha. Michael Madigan aliingia bunge la Illinois 1971, akawa spika kwa jumla ya miaka 36, akatoka 2021. Mwaka 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa ya rushwa na akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu. California, kwa mfano, iliweka ukomo: mtu asizidi miaka 12 bungeni, baraza na seneti kwa pamoja. Kama una tabia ya kushindwa kuachia ngoma hata kwenye kamati ya harusi, jipangie tarehe ya kutoka kabla hujaingia.

Baraza au seneti, na jimbo gani

Minnesota kila wilaya ya seneti hugawanywa mara mbili, A na B, kila nusu na mwakilishi wake. Kwa sensa ya 2020, mwakilishi mmoja ana watu kama 42,600, seneta kama 85,200. Kwa anayetembea mlango hadi mlango baada ya zamu, tofauti hiyo ni miezi ya maisha. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuchaguliwa katika bunge la Minnesota, aliingia kwa mlango huo wa baraza, wilaya 38A, katika uchaguzi wa 2024.

Hivyo anayetaka kukaa na kujenga jina mtaani kwake, baraza ndilo linalomfaa: eneo dogo, nyuso unazozijua. Anayeona anaweza kupanda, seneti inamlinda zaidi, kwa sababu ya ile miaka minne iliyomwokoa Obama mwaka 2000. Hesabu tu mihula, maana Minnesota na Illinois maseneta huwa na mmoja wa miaka miwili kila muongo, na mwingine wa minne huenda ukaangukia mwaka usiokufaa.

Halafu pesa, maana watu huona haya kuiuliza. Minnesota mwaka 2023 mshahara uliwekwa kuwa dola 51,750 kwa mwaka. New York ni 142,000. Texas ni 7,200, pamoja na posho za siku za kikao, ingawa bunge lao hukutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. New Hampshire ni dola 100 kwa mwaka, kiasi kilichowekwa kwenye katiba 1889. Lakini huko wabunge wa baraza ni 400, na mmoja ana watu kama 3,400 tu, wengi kiasi cha kijiji. Huko unaweza kushinda kwa miguu yako mwenyewe, ila kula utakula kwa kazi nyingine.

Muuguzi wa zamu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi hawezi kukaa Texas kwa mshahara ule, labda mwajiri awe mwema mno au mwenzi awe na kipato. Minnesota anaweza, kwa kubana: kikao huanza mwanzoni mwa mwaka na kwisha Mei, na siku za kikao zisizidi 120 katika miaka miwili. Hortman alikuwa wakili. Obama alifundisha. Kazi ambayo unaweza kuipunguza na kuirudia ni sehemu ya sifa za mgombea, kama ilivyo sauti.

Na mlango wa jimbo huwafungukia mapema waliopata uraia. Kwa Baraza la Wawakilishi la Congress lazima uwe raia kwa miaka saba, kwa Seneti ya Marekani miaka tisa. Minnesota inadai uwe mpiga kura halali, umri miaka 21, umekaa jimboni mwaka mmoja na wilayani miezi sita.

Ningemshauri nani aende wapi

Mwenye umri wa miaka 30 na kitu, msemaji, mwenye taaluma inayomngoja akitoka, na jambo linalomchoma ambalo liko mikononi mwa Washington, mfano sheria za uhamiaji: aende seneti, ajifunze benchi la wachache, na asione aibu kupanda. Jimbo haliwezi kutoa green card, na kumdanganya mtu kwamba linaweza ni kumpotezea miaka.

Mwenye watoto shuleni, nyumba aliyokwisha kuinunua, anayekasirishwa na mishahara ya nyumba za wazee, leseni, shule na bima: abaki jimboni, aingie barazani, aombe kamati inayoshughulika na jambo lake, na asiikimbie kwa miaka kumi. Wa namna hii ndio wengi wetu, na ndio maana mimi naelemea upande wa Hortman hata baada ya kuhesabu yote niliyoyahesabu.

Asiyejua ni yupi kati ya hao wawili, asubiri muhula mmoja. Mwaka wa uchaguzi aende kwenye mkutano wa mtaa wa chama chake, ule ambao Minnesota hufanyika Februari, ajitolee kuwa mjumbe, aone jinsi watu wanavyoidhinishwa na wanavyoachwa. Kisha achukue likizo ya siku mbili mwezi Machi aende Saint Paul, au makao makuu ya jimbo lake popote lilipo. Vikao vya kamati viko wazi, hakuna kiingilio. Akae nyuma kabisa kwenye chumba kimoja kuanzia asubuhi mpaka jioni, mswada wa ushuru wa taka ukijadiliwa kifungu kwa kifungu, na aangalie kama saa kumi alasiri bado anataka kujua kifungu kinachofuata.